Nyumba Niliyoiandika Yangu

Wiki iliyopita niliwaacha kwenye gati la Mahajanga, nimemshika mkono Bahia, mtoto wa miaka saba, na karatasi ya serikali imo mfukoni mwangu. Wengine mmeniandikia kunisifu. Naomba mzirudishe hizo sifa. Leo nakiri kosa, na kosa ni langu peke yangu.

Kwa asiyenijua, naitwa Zoubeir, fundi wa taa za karabai, mtaa wa Mahabibo, hapahapa Mahajanga. Baba yake Bahia, marehemu Athoumani, alikuwa rafiki yangu tangu tulipofanya kazi pamoja Nosy Be. Mkewe alitangulia, naye akamfuata kwa homa, mwaka wa tatu wa uhuru. Mtoto akachukuliwa na mjomba wake, Djaanfar, hukohuko Nosy Be, mjini Hell-Ville.

Sisemi Djaanfar ni mtu mbaya. Nasema nilichokiona. Nilipokwenda kutoa rambirambi nilimkuta mtoto analala jikoni juu ya magunia, ana kidonda mguuni, na ndoo mbili za maji zinamngoja. Nikaenda ofisi ya ustawi wa jamii. Baada ya wiki tatu wakanipa mtoto kwa kulea, pamoja na kanuni kumi na nne.

Kanuni zile nilizipenda. Kifaransa nilijifunza peke yangu, kwa kusoma karatasi zinazokuja ndani ya masanduku ya taa: fungua hiki, safisha kile, usiwashe kabla ya kukaza hapa. Kanuni za mtoto nazo zilikuwa hivyo. Alale kitanda chake mwenyewe. Asipigwe kwa kitu chochote. Apelekwe shule, na zahanati kila mwezi. Asitolewe nje ya wilaya bila ruhusa. Jina lake na la baba yake yasibadilishwe. Nyumba iwe na mwanamke mzima.

Nilizifuata zote. Nilipokosea ni kwenye fomu iliyotangulia.

Fomu iliuliza: mlezi ni mwenye nyumba, au ni mpangaji? Kulikuwa na visanduku viwili, utie alama kimoja.

Wangazija wanaonisoma wamekwisha nielewa. Kwetu nyumba ni ya mwanamke. Baba humjengea binti yake. Mume huingia na sanduku lake la nguo, na wakiachana hutoka na sanduku hilohilo. Mimi nilikuwa nimekaa miaka tisa katika nyumba ya mke wangu, Hachimia. Mwenye nyumba sikuwa. Mpangaji pia sikuwa, maana hakuna mke anayempangisha mumewe.

Nilishika kalamu kitambo kirefu. Nyuma yangu watu wamepanga mstari.

"Bwana," karani akasema, "swali ni jepesi. Unaishi kwako au unaishi kwa watu?"

Mtu mmoja akacheka. Nikaona haya. Nikatia alama kwenye mwenye nyumba.

Basi.

Mtoto alipotimiza mwezi kwetu, Jumanne asubuhi akaja Madamu Vololona wa ofisi ya ustawi, kukagua. Ni mtu wa Antananarivo, mwenye miwani, ambaye ukimkaribisha kiti hukitazama tu. Mama mkwe wangu, Bibi Hadidja, alikuwa amekaa kizingitini akimsuka Bahia nywele.

Madamu aliangalia kitanda. Akaangalia chandarua, daftari la shule, kadi ya zahanati. Akamwambia Bahia anyanyue mguu.

"Kidonda kimepona," akasema, kama mtu anayelalamika. Kisha akaenda uani na kurudi. "Mlango wa choo hauna komeo. Kanuni ya kumi na moja. Mwenye nyumba aweke komeo kabla ya Jumamosi."

Mwenye nyumba alimwita *tompon-trano*, kwa Kimalagasi, na neno hilo hata mbuzi wa Mahabibo wanalijua.

"Nitaliweka leo," mama mkwe akajibu.

"Sisemi na wewe, bibi. Nasema na mwenye nyumba."

"Ndiye anayekujibu."

"Mwenye nyumba ni Bwana Zoubeir." Madamu akafungua faili lake. "Ameandika mwenyewe. Saini yake hii hapa."

Vidole vya mama mkwe vikasimama katikati ya msuko.

"Zoubeir."

"Labeka, mama."

"Njoo usimame hapa mbele nikuone vizuri. Nyumba hii ya nani?"

"Ya Hachimia, mama."

"Na kabla ya Hachimia?"

"Yako."

"Mabati yale nani aliyabeba kichwani kutoka gatini?"

"Baba yako, Mungu amrehemu."

"Na wewe uliingia na nini?"

"Sanduku langu."

"Na karabai moja mbovu. Usiisahau, isije ikasema na yenyewe ni mwenye nyumba."

Wanawake waliokuwa wakichota maji kwa jirani waliangua kicheko. Madamu hakuelewa Kingazija.

"Anasema nini?" akaniuliza.

Ikabidi nitafsiri mashtaka yangu mwenyewe. "Anasema nyumba si yangu."

"Ni kweli?"

"Ni kweli, Madamu."

"Basi umeidanganya serikali."

"Visanduku vilikuwa viwili, Madamu. Hakuna hata kimoja kilichonifaa."

"Vimewafaa watu wa nchi nzima. Wewe nani?" Akafunga faili. "Jumatano ya wiki ijayo, kabla ya saa sita mchana, ulete hati ya nyumba yenye jina la mlezi, au mkataba wa upangaji. Usipoleta, mtoto anarudi Nosy Be kwa ndugu wa damu. Nitamwandikia mjomba wake leo."

Bahia alikuwa anajua Kimalagasi kuliko sisi sote. Hakulia. Aliuliza tu, "Nifungashe sasa?"

"Kaa chini," mama mkwe akamwambia. "Msuko haujaisha. Wewe huna kosa."

Mwenye kosa nilikuwa mimi. Kabla ya adhuhuri sanduku langu lilikuwa nje barazani.

Hachimia aliporudi kutoka sokoni alilikuta hapo, na mimi nimekaa kando yake. Aliweka kapu chini. Nadhani alikuwa amekwisha sikia njiani, kwa sababu hakuuliza.

"Miaka tisa," akasema, "nilidhani nimeolewa na mtu mpole. Kumbe mpole anaandika."

"Nilitia alama tu, Hachi. Sikukusudia kuchukua kitu."

"Ulikwenda Nosy Be kutoa rambirambi. Ukarudi na mtoto. Uliniuliza?"

"Sikukuuliza."

"Ulimuuliza mama?"

"Sikumuuliza."

"Lakini serikali uliiuliza."

Mtu akisema kweli kumkatiza ni ubishi tu.

"Nimempenda mtoto," akasema, "na hilo ndilo linaloniudhi zaidi. Umenipa kitu nikipende kabla hujaniuliza kama nakitaka."

"Basi wewe ndiye uwe mlezi. Hati ya nyumba ina jina lako. Nenda nayo tu kwa Madamu."

"Mama amekataa. Hataki karatasi ya nyumba iguse meza ya serikali tena."

"Nyumba si yako?"

"Nyumba ni yangu. Na mama ni mama." Akachukua kapu lake. "Sanduku lisikae hapo, mvua inakuja."

Aliingia ndani. Mlango haukubamizwa. Ulifungwa polepole, na komeo likasikika.

Nilihamia kibandani pangu pa kazi, nikalala kati ya taa. Kesho yake nilikwenda Belobaka, nje ya mji, ambako nilisikia mtu anayeitwa Boinali ana chumba cha kupangisha. Nilimkuta anakata majani.

"Wewe ndiye yule mwenye nyumba wa Mahabibo?" akaniuliza kabla sijasalimu.

Habari ilikuwa imenitangulia kilomita zote zile.

"Ndiye," nikasema.

"Karibu, karibu. Ukipanga hapa, tafadhali usije ukajiandikia na shamba langu."

Nilimwacha acheke. Alikuwa na haki ya kucheka, na mimi nilikuwa na haja ya chumba. Chumba chenyewe kilikuwa kizuri, madirisha mawili, kisima karibu. Nikaandika mkataba mwenyewe kwa mwandiko mzuri, yeye akaweka dole gumba, na Ijumaa asubuhi nikaupeleka kwa Madamu Vololona.

Aliusoma kwa kusimama.

"Atakaa nani humu?"

"Mimi na mtoto."

"Na mkeo?"

"Mke wangu yuko kwake."

"Kanuni ya nne inasemaje?"

Naijua. Nazijua zote kumi na nne. "Nyumba iwe na mwanamke mzima," nikasema.

"Basi umejijibu." Akanirudishia mkataba. "Bwana Zoubeir, nimeona walevi, nimeona wezi wa maziwa ya watoto. Hao najua namna ya kuwaandika. Wewe umenishinda. Unajua kila kanuni, na bado kila unachoniletea kina kasoro."

Sikumchukia. Nilijiweka mahali pake, na kutoka pale nilionekana hivyohivyo.

Jumatatu alasiri mtoto wa jirani alikuja kuniambia kuna mgeni nyumbani kwa Bibi Hadidja. Nilikwenda, nikasimama barazani, maana ndani hapakuwa pangu tena. Djaanfar alikuwa amekaa ndani, mkabala na mlango, kofia imenyooka, anakunywa chai katika kikombe changu. Barua ya Madamu ilimfikia Jumamosi, naye akapanda meli ya kwanza.

"Aa, fundi," akasema. "Nasikia siku hizi unalala na karabai. Zina joto?"

"Zina joto kiasi."

"Mimi sina ugomvi na wewe. Uliniletea serikali nyumbani kwangu, ukasema mtoto analala jikoni. Ni kweli, alilala jikoni. Nina watoto sita na vyumba viwili. Wewe ulikuwa na vyumba vingapi?" Akamgeukia mama mkwe. "Hana hata kimoja, bibi, au nimesikia vibaya?"

"Umesikia sawasawa," mama mkwe akasema.

Alilosema kuhusu vyumba viwili nililipokea. Sikuwa nimelijua.

"Bahia," Djaanfar akaita, "njoo umpe mjomba mkono."

Mtoto akaja, akatoa mkono, akasimama mbali kadiri mkono ulivyoweza kufika. Djaanfar alimtazama juu mpaka chini.

"Wamemlisha vizuri," akasema. "Alikuwa wa ndoo mbili. Sasa ataweza tatu."

Alisema kama mzaha. Labda ulikuwa mzaha. Mama mkwe aliutazama mguu wa Bahia, pale kidonda kilipokuwa, ambapo ngozi ilikuwa bado nyeupe.

"Nipe kikombe nioshe," akamwambia Djaanfar.

"Sijamaliza, bibi."

"Umemaliza."

Djaanfar akatoa kikombe. Alipopita barazani aliniinamia. "Jumatano saa sita, fundi. Tiketi ya mtoto ninayo."

Usiku ule na ule uliofuata sikuwa na la kufanya ila kazi. Nilitengeneza kila taa iliyokuwa inangoja, hata zile ambazo wenyewe walikwisha zisahau.

Jumatano nilifika ofisini saa nne. Djaanfar alikuwa amenitangulia, amekaa kwenye benchi na furushi dogo magotini, nguo za mtoto alizozinunua njiani. Nasema hilo kwa sababu ni haki yake: alikuwa amezinunua, na zilikuwa mpya.

Saa tano na nusu mlango ukafunguliwa. Aliingia Hachimia, amejitanda vazi lake jekundu la shiromani, Bahia mkononi. Chini ya kwapa alikuwa na bahasha ya ngozi ambayo miaka tisa niliiona mara moja tu, siku ya harusi. Ilikuwa hati ya nyumba.

Hakunitazama. Aliiweka mezani kwa Madamu.

"Nyumba hii," akasema. "Jina hili ni langu. Nataka kuwa mlezi wa mtoto huyu."

Nikapata tumaini. Djaanfar alisimama.

Madamu alisoma hati mbele na nyuma. "Hati ni safi," akasema. Akachukua fomu mpya. "Umeolewa?"

"Nimeolewa na huyu."

"Basi mstari wa kwanza, mkuu wa kaya, anaandikwa mume. Chini yake, mlezi, tunakuandika wewe. Bwana Zoubeir, njoo utie saini."

"Hapana," Hachimia akasema. "Mama amekubali mtoto abaki. Jana usiku kucha amekubali na kukataa, mwisho amekubali. Lakini jina la mtu huyu lisiandikwe juu ya nyumba yetu katika karatasi yoyote. Si mstari wa kwanza wala wa mwisho."

"Mwanamke mwenye mume hana njia nyingine."

"Najua. Karani alinieleza jana. Mjane anaandikwa peke yake." Akavuta pumzi. "Na aliyeachwa."

Hapo ndipo nilipoelewa kwa nini hakunitazama alipoingia.

"Karatasi ya talaka yenye saini ya mume inanitosha kwa leo," Madamu akasema. Sauti yake kwa mara ya kwanza haikuwa kali. "Muhuri unaweza kuja baadaye. Lakini saa sita nafunga."

Djaanfar akarudi kukaa. "Fundi wa watu," akasema, akitingisha kichwa. "Umekwenda kutafuta mtoto, umepoteza na mama."

Nilifikiri, kama ninavyofikiri siku zote, hatua kwa hatua. Talaka moja ina eda. Kabla eda haijaisha mume anaweza kumrejea mkewe, hahitaji harusi mpya. Mtoto ataandikwa leo, nyumba itatulia, mama mkwe atapoa, na kabla ya miezi mitatu kwisha nitarudi barazani na sanduku langu. Nikaona njia, nyembamba, lakini njia.

"Nitaandika moja," nikamwambia Hachimia kwa Kingazija.

"Mama anajua hesabu ya eda kukushinda. Ametaka tatu."

Talaka tatu hazina kurejea. Msomaji anajua.

"Na wewe unataka nini, Hachi?"

"Usiniulize sasa. Wakati wa kuniuliza ulikuwa ule wa mwanzo."

Bahia alikuwa amesimama kati yetu, anatazama saa ya ukutani. Alikuwa amejifunza kusoma saa mwezi uleule, shuleni, kama kanuni inavyotaka. "Bado dakika kumi," akasema, hakumwambia mtu.

Nilimwomba Madamu karatasi tupu. Nikaandika tarehe. Nikaandika jina langu na la baba yangu. Nikaandika kwamba nimemwacha mke wangu, jina lake, jina la baba yake. Niliandika kwa Kifaransa, kwa sababu ndivyo Madamu alivyotaka. Ilibaki idadi.

Hachimia aliinama kana kwamba anarekebisha shiromani. Sauti yake ilikuwa ndogo mno.

"Mama hasomi herufi za Kizungu," akasema. "Atauliza, nami nitamjibu tatu. Andika unavyoona wewe."

Sikuinua uso. Wiki moja tu ilikuwa imepita tangu alama yangu ndogo ya uongo inifukuze nyumbani. Sasa mke wangu, mtu ambaye sijamsikia akisema uongo hata mmoja, alikuwa ananitolea wa kwake, mbele ya mtoto, na alikuwa tayari kuubeba yeye.

Nilishusha kalamu mpaka ncha ikagusa karatasi. Tone la wino likaanza kuenea.

Benchi nyuma yangu likalia. Hatua mbili, tatu, kisha nikasikia pumzi ya Djaanfar juu ya bega langu. Alisoma shule ya serikali Hell-Ville miaka sita. Kingazija pia anakisikia, maana nusu ya majirani zake wanakisema.

"Andika herufi kubwa, fundi," akasema. "Meli haiondoki mpaka saa kumi. Nitapita Mahabibo nimsomee bibi mwenyewe hiyo idadi. Ikiwa si tatu, tiketi ya mtoto bado ninayo."